Unga wa Chapati Juu ya Pistoni

Nakuru,
4 Novemba 2007

Kwa Baba Jebet,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa gereji. Mama Jebet hajambo? Magoti yake yanaendeleaje na baridi ya Keringet? Sisi tuko salama. Baba anatembea mpaka langoni na kurudi. Daktari amemkataza vitu viwili, kunyanyua vizito na kukasirika, na anatii kile cha kwanza tu.

Ningepiga simu, lakini najua masikio yako. Miaka thelathini na moja ya injini zetu imekuachia masikio ya kusikia tapeti iliyolegea na kukosa sauti ya mtu. Kwa hivyo naandika.

Ile Datsun ya manjano ya Baba nimeifunga turbo. Tarehe 13 Januari kuna mbio za robo maili kwenye kiwanja cha ndege cha shamba moja la ngano huko Njoro, na nitaendesha mimi mwenyewe. Baba amekubali kwa shida, tena kwa sharti moja: gari halitoki hadi wewe uifunge injini kwa mkono wako na useme "peleka". Unajua ndiyo sheria ya hapa tangu sijazaliwa. Umestaafu tangu Juni lakini sheria haijastaafu.

Shida yangu ni kemshafti. Nikiwa darasa la nne uliniambia kemshafti ndiye bwana wa valvu, ile milango midogo ya injini, yeye ndiye husema fungua, yeye ndiye husema funga. Sasa nina mabwana wawili mezani. Mmoja ni ile yako uliyomchongea Baba, inayoacha valvu wazi kwa muda mrefu. Mwingine ametumwa na binamu yangu Ketan kutoka Birmingham, anasema imetengenezwa kwa ajili ya turbo. Niweke ipi? Nina wasiwasi, sijawahi kujenga injini bila wewe kusimama nyuma yangu ukikohoa.

Binti yako,
Reena

*

Keringet,
14 Novemba 2007

Kwa binti yangu Reena,

Barua yako imeletwa na Naftaly, yule dereva wa lori la viazi. Aliitia ndani ya kofia, ikafika inanuka jasho, lakini nimeisoma mara mbili. Sisi wazima. Magoti ya Mama Jebet husumbua asubuhi, yakipata jua yananyamaza. Viazi vimekubali mwaka huu. Msalimie Baba yako, mwambie akasirike polepole.

Kuhusu kemshafti, sioni swali hapo. Weka yangu. Nakuru iko juu, hewa yake nyepesi, injini hukosa pumzi. Ndiyo maana siku zote tumeacha valvu wazi muda mrefu, ya kuingiza na ya kutoa zikutane wazi kidogo, injini ivute inavyoweza. Na hiyo hiyo ndiyo ilimshindia Baba yako vikombe vilivyojaa vumbi pale juu ya kabati la ofisi. Huyo Ketan amewahi kupumua hewa ya Nakuru? Birmingham iko chini kule.

Ukishaifunga, niambie inavyonguruma.

Ni mimi baba yako wa gereji,
Kipketer

*

Nakuru,
25 Novemba 2007

Kwa Baba Jebet,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na Mama. Nimemtumia dawa ya kuchua magoti, iko kwa Naftaly, asiitie kwenye kofia.

Nilifanya ulivyosema. Niliweka kemshafti yako. Gari liliwaka likaanza kutetemeka, nikilikanyaga turbo inachelewa kuamka, na joto linapanda haraka. Nilipotoa plagi zilikuwa nyeupe kabisa kwa moto. Baba alizitazama akaenda zake langoni.

Baba Jebet, naandika hili nikiwa nimesimama kwa sababu nikikaa nitaogopa. Nafikiri safari hii umekosea. Injini zako zote zilikuwa za kuvuta hewa. Turbo haivuti, inasukuma. Halafu moshi unaotoka haupati njia rahisi, maana turbo yenyewe imekaa mlangoni, kwa hivyo unarundikana. Sasa valvu zote mbili zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu, ule moshi wa moto unarudi ndani ya silinda. Hewa nyepesi ya Nakuru si shida tena, turbo inaifidia.

Kemshafti ya Ketan haiziachi valvu wazi pamoja hivyo. Inazifungua kwa muda mfupi, lakini inazisukuma chini zaidi. Naomba ruhusa yako niiweke. Usinikasirikie.

Binti yako,
Reena

*

Keringet,
5 Desemba 2007

Kwa Reena,

Tumepokea dawa. Mama Jebet anashukuru.

Nilikaa na barua yako siku nne bila kuijibu. Nilimwambia Mama Jebet umekuwa na mdomo tangu niondoke. Akaniuliza, "Lakini anasema uongo?" Nikatoka nikaenda kuangalia viazi.

Huko shambani nilifikiria ule moshi uliokosa njia. Ni kweli. Nimekubali. Weka ya Ketan. Lakini nikwambie kitu, umenisahihisha mara moja na imenikaa hapa kifuani. Ukinisahihisha tena nitajua nimestaafu kweli kweli, niletewe blanketi nikae juani na wazee wengine.

Sasa sikiliza hatari ya hiyo uliyoichagua. Umesema inasukuma valvu chini zaidi. Valvu inashuka, pistoni inapanda, na nafasi kati yao ni ndogo. Zikigongana gari likiwa mbio, injini inakamata hapo hapo, haizunguki tena, na magurudumu ya nyuma yanakamata nayo. Nililiona Njoro mwaka wa themanini na nne. Gari lilibiringika mara tano, na aliyekuwa ndani sikutaka kumwangalia. Kwa hivyo nafasi lazima ipimwe, isipungue milimita mbili.

Usipime mwenyewe. Nitakuja tarehe 15. Mwambie Mama yako akande unga wa chapati wa kupimia kama kawaida, laini, na mafuta ya kutosha.

Baba yako wa gereji,
Kipketer

*

Nakuru,
26 Desemba 2007

Kwa Baba Jebet,

Salamu za Krismasi kwako, kwa Mama, na kwa Jebet kama amefika kutoka Eldoret. Sisi tulikula mpaka Baba akalala kwenye kiti na viatu vyake.

Asante kwa kuja ile tarehe 15. Sikukwambia siku ile, lakini nilipokuona ukibandika unga juu ya pistoni kwa kidole gumba, ukarudisha kichwa cha injini, ukaizungusha kwa mkono mizunguko miwili huku umefumba macho, nilitulia kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Ulipofungua, ukaukata ule unga kwa wembe na kupima unene uliobaki, Baba alisogeza kiti aone. Milimita mbili na nusu. Uliposema "peleka", alipiga makofi kama mtoto.

Nimebadilisha pia springi za valvu na gasketi ya kichwa, zile ngumu tulizokubaliana. Injini iko sawa. Usiwe na wasiwasi wowote juu ya injini.

Kesho ni kura. Piga yako mapema kisha urudi nyumbani. Mwenye shamba wa Njoro ameapa mbio zitakuwepo hata dunia ipinduke. Tutaonana tarehe 13, nimekuwekea kiti karibu na mstari.

Binti yako,
Reena

*

Keringet,
3 Januari 2008

Kwa binti yangu Reena,

Mko wazima? Nauliza kweli, si salamu. Tangu matokeo ya kura redio inasema mambo ya Nakuru halafu inanyamaza, inaweka nyimbo za kanisa. Huku tumeona moshi upande wa Kuresoi siku tatu mfululizo. Sisi hatujaguswa. Jirani yetu amelala kwetu na watoto wake, na kesho sijui kama ni sisi tutakaolala kwa mtu.

Lakini siandiki kwa sababu ya hayo. Jana Mama Jebet alikuwa akikanda unga wa chapati kwa ajili ya wale watoto. Nilipita nikabonyeza donge moja kwa kidole gumba, mchezo tu. Nilipotoa kidole, lile shimo likaanza kupanda. Nilisimama pale nikalitazama likipanda mpaka likabaki nusu.

Reena, unga hurudi. Mkandaji akiukanda vizuri ndiyo unarudi zaidi, na Mama yako anakanda vizuri kuliko wote. Miaka yote hiyo nimepima kwa unga uliokwisha kurudi, mnene kuliko nafasi yenyewe. Kwa zile kemshafti zangu nafasi ilikuwa kubwa, kwa hivyo kosa halikuumiza mtu. Hii ya Ketan inashuka sana. Ile milimita mbili na nusu niliyokuonyesha inawezekana ni moja. Inawezekana ni chini ya moja.

Uliniandikia injini iko sawa. Haiko sawa. Usiendeshe. Wala usiijaribu barabarani. Nimeenda kibandani kutafuta mtu anisaidie kupiga simu, kadi za simu hakuna, na mtandao umekufa tangu Jumatatu. Nampa Naftaly barua hii, anajaribu kushuka leo. Nijibu neno moja tu, nimesoma.

Baba yako,
Kipketer

*

Keringet,
8 Januari 2008

Kwa Reena,

Natumaini wewe na wazazi wako mnaamka salama.

Sijapata jibu, na Naftaly hajarudi. Barua hii nampa kijana wa maziwa mwenye pikipiki. Anapita njia za msituni hadi Molo, anasema kule atapata mtu.

Najua utasema nani atakimbiza magari wakati kama huu. Lakini nakujua. Uliendesha lori la Baba yako ukiwa na miaka kumi na mbili kwa sababu ulikatazwa. Na huyo mwenye shamba ameapa. Hata kama hakuna mbio, utataka kuisikia ikinguruma, utaitoa barabara ya Njoro asubuhi barabara ikiwa tupu, utaikanyaga. Nikifumba macho naona magurudumu yakikamata. Sili vizuri. Mama Jebet anadhani ni vita.

Ni mimi niliyesema "peleka". Hakuna mwingine aliyesema. Usiiguse hiyo gari.

Baba yako,
Kipketer

*

Keringet,
11 Januari 2008

Kwa Reena,

Salamu. Hakuna jibu bado. Kijana wa maziwa amerudi, anasema alimkuta mtu wa kuipokea lakini hajui kama ilishuka.

Kesho kutwa ni tarehe 13. Nitakuja mwenyewe. Nitaondoka kesho alfajiri kwa miguu hadi Molo, kutoka pale nitatafuta gari la polisi au lori lenye ulinzi. Mama Jebet analia, ananiambia jina langu linataja kabila langu, halipiti vizuizi vya vijana wa huko chini. Nimemwambia nina kitambulisho na mvi, wataniachia. Siamini sana ninayomwambia.

Hii namwachia kijana wa maziwa kama nyingine, ije kwa njia yake nami nije kwa yangu. Nikifika kwanza, ichane.

Kipketer

*

Nakuru,
6 Februari 2008

Kwa Baba Jebet,

Uko wapi?

Leo saa nne asubuhi Naftaly ameingia gereji na barua zako tatu. Lori lake lilizuiwa Molo tarehe 3 Januari na limekaa kwenye uwanja wa kituo cha polisi mwezi mzima, viazi vikioza. Zile nyingine za kijana wa maziwa zilimfikia baadaye kupitia watu, akaziweka pamoja akingoja barabara. Nilimuuliza kama alikuona. Akasema, "Mzee Kipketer? Huyo si ako kwake Keringet? Mimi sijamwona, dada, tena nilikuwa Molo siku zote."

Nimezisoma nikiwa nimekaa chini kwenye sakafu ya gereji. Sisi wazima. Duka la jirani limechomwa lakini gereji yetu haikuguswa, Mama na Baba wako ndani. Mbio hazikuwepo. Yule mwenye shamba na kiapo chake alikimbilia Nairobi tarehe 31. Datsun haijatoka nje ya lango hata siku moja. Ulianza safari kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo.

Na kuna jambo baya kuliko hilo, nalisema hivi hivi. Nilijua. Tarehe 23 Desemba ilinifikia karatasi ya maelezo ya kemshafti kutoka kwa Ketan, imeandikwa pima kwa waya laini wa kulehemu, ule wa mafundi wa redio, kwa sababu ukibonyezwa haurudi. Nilifungua injini nikapima. Milimita moja. Nilitoa pistoni nikazipeleka kwa fundi wa leithi anayekereza chuma, akachimba nafasi mahali valvu inaposhukia, nikafunga upya. Sasa iko mbili na robo kwa waya. Baba alikuwa amelala, hajui mpaka leo.

Halafu nikakuandikia tarehe 26 kwamba injini iko sawa. Ilikuwa sawa. Sikutaka kusema kwa nini. Uliniandikia kwamba nikikusahihisha tena utajua umestaafu, nami sikutaka kukuona umekaa juani na blanketi. Nilidhani naweka heshima yako. Kumbe neno moja tu ningeandika na ungebaki nyumbani.

Nimepigia Jebet simu mara kumi na moja, haipatikani. Baba amesema atakuja mwenyewe kukutafuta, Mama amemfungia mlango. Naftaly anapanda kesho na lori za msafara. Nampa hii na nimemwapisha asirudi bila habari. Tafadhali uwe hai. Sijui kuandika kitu kingine.

Reena

*

Keringet,
9 Machi 2008

Kwa Reena,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Anayeandika ni Jebet, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na asitie maneno ya heshima ambayo sikusema.

Niko hai. Nilifika karibu na Molo tarehe 12. Pale kwenye kizuizi waliuliza, "Mzee, kitambulisho." Nikawapa. Wakasoma jina. Nilijaribu kuwaambia naenda kumzuia mtoto asiendeshe gari, mmoja akacheka. Sitaki kuyasema mengine. Padri mmoja alinitoa shimoni nikakaa misheni wiki saba, kichwa hakikuwa sawa kwa muda, sikuweza kuwaambia natoka wapi. Mama Jebet alinilia kama maiti. Nilirudi siku tatu baada ya redio kutangaza wakubwa wamepatana. Barua yako nilikuta imewekwa chini ya mto wake.

Mkono wa kulia ulivunjika sehemu mbili. Vidole viwili vya mwisho havikunji. Spana naweza kushika, kukaza siwezi.

Nimesikia uliyofanya tarehe 23. Kazi safi. Kuchimba pistoni ndiyo ningefanya. Lakini nimekasirika, Reena, na Jebet aandike hivyo. Nimekasirika mpaka nashindwa kula. Siyo kwamba uligundua kosa langu. Nimekasirika kwamba uliligundua ukaniacha nalo. Yale maneno ya blanketi yalikuwa mdomo wa mzee aliyeumia siku nne. Ulinisikiliza nilipokuwa mjinga. Mimi nilikufundisha ili siku moja uone nisichoona, halafu umeona ukanyamaza.

Basi. Nimemaliza. Naftaly anasema mbio zimepangwa upya tarehe 12 Aprili, za kuchangia unga kwa walio kwenye mahema. Endesha. Kwa kuwa mkono wangu haufai, nakupa jambo moja kwa mdomo. Isogeze cheche mbele digrii nne, iwake mapema. Huku juu hewa nyepesi, mafuta huungua polepole, siku zote tumefanya hivyo na injini inachangamka. Fanya kabla ya siku yenyewe.

Baba yako wa gereji,
Kipketer

(Baba analia wakati naandika. Hili ameniambia nisiongeze. Jebet)

*

Nakuru,
17 Machi 2008

Kwa Baba Jebet,

Mama Jebet hajambo? Vidole vinaendeleaje? Naftaly anabeba dawa nyingine ya kuchua, safari hii mbili, ya magoti na ya mkono. Baba alisoma barua yako kwa sauti akiwa amesimama, akashindwa katikati, Mama akamalizia. Anakusalimu. Amekasirika nami pia, kwa hivyo daktari ana kesi.

Nimeisoma barua yako kila siku tangu ifike. Juzi niliandika jibu zuri la kuomba msamaha, kurasa tatu, nikalichana. Leo naandika hili badala yake.

Umekosea kuhusu cheche. Kwa injini za kuvuta hewa ulikuwa sahihi miaka yote. Lakini hii inajazwa na turbo, hewa iliyo ndani haijui kama iko Nakuru au Mombasa. Nikisogeza cheche mbele digrii nne itawaka mapema mno, pistoni bado inapanda, na itatoboka kabla sijafika nusu ya njia. Mimi nairudisha nyuma digrii tatu. Nimefikiria siku nne, nimeuliza, nimejaribu, plagi ziko kahawia nzuri. Sifanyi ulivyosema.

Kama unaona nimekosea wapi, niambie, tena kwa ukali. Kama huoni, sema hivyo pia. Barua hii naitoa leo leo.

Binti yako anayekubishia,
Reena